Mfuniko Mbele ya Mgeni

Ukiingia kwenye baa yoyote yenye heshima mjini Gitega, kabare kama tunavyoziita hapa Burundi, ukaagiza pombe ya ndizi, kiwiko cha mhudumu kitakuwa kimegusa kazi yangu kabla midomo yako haijagusa glasi. Sisemi hivi kujisifu. Au basi, najisifu, na kwa nini nisijisifu? Yale mapipa ya plastiki yenye koki chini na mfuniko wa bati juu, ule mfuniko wenye ulimi unaotokeza pembeni, ukiubonyeza kwa kiwiko mfuniko unainuka, ukiuachia unashuka wenyewe na kuziba, mimi ndiye niliyeuwaza, nikaukata, nikaukunja na kuutoboa. Wako wanaoniiga Giheta na Mutaho. Wao wanatumia mpira wa kandambili. Mpira wa kandambili unanyonya pombe, baada ya wiki mbili unanuka. Mimi natumia mpira wa ndani wa baiskeli, na siwafichi, kwa sababu hata wakijua hawataweza kuukata kama mimi.

Shule nilisoma kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, chini ya turubai, hadi darasa la nne, na la nne lenyewe sikulimaliza. Mwalimu wangu wa kweli alikuwa bati. Kambini walitugawia mafuta ya kula kwenye makopo makubwa ya mraba, na kopo likiisha mafuta halitupwi. Wazee walikuwa wakiyapasua na kutengeneza taa, ungo wa kuchekechea, hata milango ya vibanda. Nilikaa nikiwatazama, halafu nikaanza kufanya, halafu nikawapita. Hilo waulize wao wenyewe, walio hai.

Lakini kwa nini mifuniko? Watu huniuliza, nami huwajibu kwamba niliona biashara. Hapa nitasema ilivyokuwa.

Tulipofika kambini tulikuwa watatu: mama, mimi, na mdogo wangu wa kike ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Baba hatukufika naye. Mama alikuwa ameumia kidole gumba cha mkono wa kulia njiani, kikapona vibaya, kikabaki kimelala kwenye kiganja kama kitu kilichosinzia. Tukapewa ndoo ya maji yenye mfuniko. Ilikuwa ndoo nzuri, nyeupe, na mfuniko wake ulikuwa wa kubana sawasawa, ule ambao ukishauzamisha pande zote unahitaji vidole kumi na hasira kuufungua. Watu wa afya walipita na kipaza sauti, turubai kwa turubai: funikeni maji, msichote kwa kikombe, funikeni maji. Mama alifunika siku ya kwanza. Siku ya pili alihangaika kuufungua hadi akalia. Baada ya hapo akawa anauweka juu tu, au kando, au anaukalia.

Mwaka ule kuhara kuliingia kambini. Mdogo wangu hakumaliza hata wiki. Hakuna aliyesema ni yale maji, kwa sababu ilikuwa kila mahali, hata kwa waliofunika. Lakini mama aliuchukua ule mfuniko akauweka mapajani, akawa anaushikashika, na mimi nilikuwa pale nikimtazama.

Jambo hilo nimelijua tangu siku zile, na ndilo lililonijengea nyumba: mfuniko mgumu kufungua haufuniki chochote, kwa sababu hakuna anayeufunga tena. Watu wanadhani kazi ya mfuniko ni kufunga. Kazi ya mfuniko ni kufunguka. Ukifunguka kwa urahisi, mtu ataufunga bila kuambiwa.

Wa kwanza nilimtengenezea mama, kwa kopo la mafuta na waya wa mwavuli uliokufa. Ulifunguka kwa kiwiko, kwa sababu ya kile kidole. Ulikuwa na kelele kama mlango wa gereza, na kingo zake zilimkata mara mbili, lakini aliufungua na kuufunga mwenyewe. Majirani walikuja kuuangalia. Baadaye watu wa afya wakamchukua mama awe mmoja wa akina mama wa usafi, wale wanaopita kwenye mistari ya vibanda kufundisha. Alifundisha kwa miaka mingi. Alisema sentensi moja hiyo hiyo hadi watoto wakawa wanaiimba wakimwona: usimfungulie mgeni chombo, mgeni mpe kikombe.

Maana tabia zinahama. Sisi tuliokulia kule, heshima ya nyumba ilikuwa chombo kilichofungwa. Mgeni akifika, anaona ndoo imefunikwa, koki inameta, kikombe kimepinduliwa kwenye kitambaa. Kufungua ndoo mbele ya uso wake ilikuwa kama kumwonyesha kitanda ambacho hakijatandikwa. Hatukujua kwamba haya ni mambo ya kambini. Tulidhani ni adabu ya watu wote.

Amani ilipokuja tukarudi. Kilima chetu kiko Muyinga, upande ambao ukipanda juu unaiona Tanzania kama moshi wa samawati. Shamba la baba lilikuwa mikononi mwa kaka yake, baba yangu mkubwa, ambaye hakukimbia. Yeye alikuwa amebaki, amelima, amezika watu aliowazika, na sisi tukaja na mabati yetu na Kiswahili chetu kudai chetu. Sehemu nyingine mambo kama hayo yaliharibika. Kwetu hayakuharibika. Wazee wa kilima walikuja na kamba, wakapima, baba mkubwa akatembea mbele yao akionyesha mipaka bila kubishana, na upande wenye migomba mizuri akatuachia sisi. Sijawahi kumsikia mtu akimlaumu kwa lolote, na mimi simlaumu.

Lakini hakuingia uani kwetu. Tukikutana njiani alisalimia vizuri, akamwuliza mama habari za kidole, habari za mvua. Mama akimkaribisha alisema, "Nitakuja, mke wa mdogo wangu." Msimu ukapita, na mwingine. Kwenye kilima kile mtu hahesabiwi amerudi mpaka ndugu wa mumewe wamekaa uani kwake wakanywa. Karatasi ya shamba haisaidii hapo. Mama alikuwa na shamba, nyumba ya matofali niliyomjengea mimi, mbuzi, kanisa, na bado wanawake kisimani walimwita "yule wa Tanzania".

"Nikifa kabla hajanywa kwangu," aliniambia siku moja tukichambua maharage, "nitakuwa nimezikwa ugenini."

"Mama, uko kwenu. Umezaliwa nyuma ya kilima hicho hapo."

"Nilizaliwa. Halafu niliondoka. Wewe hujui kuondoka, wewe ulivutwa mkono tu."

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshahamia Gitega. Muyinga ilikuwa ndogo kwangu, nasema ukweli. Nilifungua karakana nyuma ya soko, mimi na nyundo na mkasi wa bati, na mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa mama mmoja Mkongomani wa Kivu ya Kusini, mwenye kabare, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamrisha magari. Pombe yake ya ndizi ilikuwa nzuri ila aliiuza kutoka kwenye pipa lililo wazi, anachota kwa kopo, na nzi walikuwa wateja wake waaminifu kuliko watu. Nikamwambia, nipe wiki moja, nitakufanya uwe na kabare safi kuliko zote Gitega.

Nilimfungia pipa lake kisawasawa. Mpira, waya, kila kitu. Hewa haikutoka wala kuingia. Wala sikufikiria kwamba maji ya ndoo na pombe ya ndizi si ndugu. Pombe bado inachemka kimyakimya, inatoa pumzi. Jumapili mchana, kabare imejaa watu waliotoka kanisani, mfuniko wangu uliruka ukagonga dari, ukarudi chini ukizunguka kama sahani, na pombe ikafuata. Wazima walikimbilia nje. Walevi walibaki wakipiga makofi.

Aliniita. Nilimkuta amesimama katikati ya lile ziwa akiwa na kanga iliyolowa hadi magotini.

"Fundi," akasema, "mi nilikuambia hii pombe iko inapumua. We umeifunga pua?"

"Hukuniambia, mama."

"Alors, sasa nakuambia. Hata plafond inakuambia. Inua macho, uisome."

Nikainua macho. Mfuniko ulikuwa umeacha alama ya mviringo kwenye mbao za dari, na naambiwa ipo mpaka leo. Watu wa Gitega waliniita Fundi Roketi kwa muda mrefu. Nikarudi karakana, nikatoboa tundu dogo kwenye mfuniko, nikalifunika kwa kipande cha mpira kilichoshonwa upande mmoja, kinachoinuka pumzi ikitoka na kulala kwa ulegevu ikiisha, kikiacha mwanya wa hewa kupenya. Nzi hapiti. Tundu hilo hilo lilitibu na tatizo la koki, kwa sababu chombo kisichoingiza hewa kinatoa pombe kwa kwikwi. Yule mama alikuwa wa kwanza kulisifu. Baada yake walikuja wa Giheta, wa Mutaho, hata wa Itaba walituma watu na baiskeli. Nilinunua kiwanja. Nilioa vizuri. Niliitwa "bwana mkubwa" na watu waliosoma.

Kwa hiyo mama aliponipigia simu kwamba baba mkubwa amekubali siku, amekubali kabisa, Jumamosi baada ya mavuno ya mtama, mnaweza kufikiria kifua changu kilivyokuwa.

"Nitapika impeke," alisema. Impeke ni pombe yetu ya mtama, ile nzito yenye makapi, ambayo watu wa kilimani hukaa kuuzunguka mtungi wakainywa kwa mirija mirefu. "Na wewe lete pipa lako. Lile zuri. Aone mwanangu amekuwa nani."

"Si wanapenda mtungi huko?"

"Mtungi upo kwa kila mtu. Pipa lako nani analo? Mimi nilifundisha usafi kambi nzima, nitampokea shemeji yangu kwa mtungi wa nzi?"

Mama mwenyewe alisema hivyo. Nalisema hili kwa sababu ndugu wengine wanapenda kusema kwamba nilimlazimisha. Sikumlazimisha. Tulifurahi wote wawili, furaha moja.

Nilitengeneza pipa ambalo sijatengeneza jingine kama lile. Ndani ya koki niliweka chujio la matundu madogo, ili makapi ya mtama yasizibe. Mfuniko niliupiga msasa hadi unajiona uso wako. Nikalipakia kwenye basi dogo kutoka Gitega hadi Muyinga nikiwa nimelikumbatia njia nzima, na abiria mmoja akaniuliza kama ni maiti.

Jumamosi mama aliionja pombe yake jikoni asubuhi, kwa kijiko safi, akaridhika, akaimimina, akafunga. Alifanya vile alivyofundisha maisha yake yote: mambo ya jikoni yabaki jikoni. Tukaliweka pipa uani kwenye meza yenye kitambaa. Vikombe vilipinduliwa juu ya kitambaa kingine. Alivaa vitenge vyake vipya na kukaa kwenye kigoda chake karibu na meza, mikono mapajani, kidole kile kimefichwa ndani ya kiganja.

Baba mkubwa alikuja akiwa na koti na fimbo, pamoja na wazee wawili wa kilima. Alizungumza Kirundi, mimi naandika kwa Kiswahili. Alisalimia, akakaa, akalitazama pipa.

"Mtu wa Gitega," akaniambia, "hii ni dizeli?"

Wazee wakacheka. Nami nikacheka, nikasimama.

"Baba mkubwa, hii ni pombe isiyoguswa na mkono wa mtu."

"Isiyoguswa na mkono wa mtu," akarudia, akimgeukia mzee wa kulia. "Mtama ulijiponda wenyewe."

Wakacheka tena. Nilidhani mambo yanakwenda vizuri sana. Nikawaeleza mpira, nikawaeleza waya, nikawaeleza tundu la pumzi na jinsi nzi anavyokwama. Nikafungua koki, pombe ikashuka safi, bila kapi hata moja, nikajaza kikombe na kumpa yeye kwanza kwa mikono miwili. Halafu wazee. Mama alikuwa ameinamisha kichwa kwa adabu, anangoja shemeji yake anywe.

Baba mkubwa alikishika kikombe. Hakunywa. Alimtazama mama, akalitazama pipa, akamtazama mama tena. Wazee nao walishika vyao hivyo hivyo. Mama hakuinua macho.

"Na humo ndani kuna nini?" akauliza.

"Impeke, baba mkubwa. Ya mama."

"Sijaiona."

"Hakuna haja ya kuiona," nikasema. "Ndiyo uzuri wake."

Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu niliyasema kwa sauti nzuri, sauti ninayotumia kwa wateja.

Aliendelea kukishika kikombe kidogo. Kisha akainama, akakiweka chini karibu na mguu wake, taratibu, bila kumwaga tone. Akasema tumbo lake limekuwa likimsumbua siku hizi. Akasema nyumba ni nzuri. Akaulizia mbuzi. Akasimama, wazee wakasimama, wakamshukuru mama, na mama akawasindikiza hadi kwenye ua wa miti, akarudi.

Alikiokota kile kikombe, akakaa kwenye kigoda chake, akakinywa mwenyewe polepole mpaka mwisho.

"Haijaharibika," akasema. "Ni nzuri."

Nilirudi Gitega nimekasirika. Nilidhani ni wivu. Nilidhani ni shamba, kwamba bado linamuuma moyoni. Nilikwenda kwa yule mama Mkongomani kurekebisha mpira wake, nikamsimulia yote nikiwa nimeinama kwenye pipa, na nilipofika pale baba mkubwa anapokishika kikombe, akanikatisha.

"Na mama yako alionja?"

"Alionja asubuhi, jikoni."

"Nauliza mbele yao. Alionja mbele ya macho yao?"

Nikamtazama. Akaweka mikono kiunoni, akaanza kucheka, halafu akaacha.

"We mutu wa kambi. Wazee wa hapa wakikuja, iko nani anakunywa wa kwanza? We hauonaka? Ni mi. Nafungua, waone ndani, nakunywa mi mwenyewe kidogo, ndio nawapa. Na kwetu Kivu iko vilevile. Mwenye pombe anafungua, anaonja, bon, watu wanajua haina sumu. We unaleta chombo imefungwa, unamwambia baba yako hakuna haja ya kuona?" Akatikisa kichwa. "Baada ya vita yote hii?"

Miaka yote niliyokuwa nikiingia kabare yake nilikuwa nimemwona akifanya hivyo, akifungua, akionja, na nilidhani ni kiu.

Nilimpigia mama simu pale pale. Nikamweleza yote. Kisha nikasikia anacheka, kicheko chembamba.

"Nimesahau," akasema. "Mimi niliyezaliwa kule nimesahau. Baba yangu alikuwa akinywa wa kwanza, nilikuwa namshikia mrija. Lilitokaje kichwani?" Kicheko kikakatika. "Basi yeye alikuwa ananingoja mimi. Ndiyo maana alinitazama. Na mimi nilikuwa namngoja yeye."

"Tutafanya tena, mama."

"Tutafanya tena. Njoo na mtungi wa sokoni na mirija. Nitaonja mbele yake hadi nilewe, wanibebe."

Hapo ndipo maisha yangu yangepaswa kuwa mepesi. Mtungi wa sokoni Gitega unaupata asubuhi yoyote. Lakini mimi si mtu wa mtungi wa sokoni. Nilikuwa nimeshaona kichwani mfuniko mwingine: unaofunguka wote kwa msukumo mmoja, hadi nyuma, ukasimama wenyewe ukiwa wazi, kila aliyekaa aone ndani, na wenye tundu la mrija kwa ajili ya mwenye nyumba, lenye kifuniko chake kidogo, ili aonje bila kuchovya mkono. Usafi wa mama na desturi ya baba mkubwa kwenye kipande kimoja cha bati. Nilimwambia, "Ningoje, nakutengenezea."

"Mtungi unatosha, mwanangu."

"Ningoje tu."

Tatizo lilikuwa bawaba. Mfuniko mzito ukifunguka wote unavuta pipa linayumba, na mwepesi haukai wazi. Nilijaribu waya mnene, nilijaribu chemchemi ya kiti cha baiskeli. Kati ya majaribio kulikuwa na oda za watu. Kila mama aliponipigia aliniuliza kuhusu mvua ya Gitega, kuhusu watoto, na mwisho, kama mtu aliyekumbuka ghafla, "Na lile bati lako?" Namwambia limebaki kidogo. Mtama wa msimu ule ukaliwa. Ukapandwa mwingine.

Nilipata bawaba. Nilikuwa nimekaa nikikata mpira wa duara la mwisho jirani aliponipigia kutoka Muyinga kwamba mama ana homa, wamemteremsha hospitali. Nilisema nitafika kesho, nimalizie kisha nije na pipa, tumfurahishe. Kesho yake niliondoka nalo kweli, limefungwa kwenye blanketi. Nilimkuta amefunikwa shuka hadi juu.

Baba mkubwa ndiye aliyechagua mahali pa kaburi, kwenye shamba la baba, upande wa migomba. Alisimama pale tangu jembe la kwanza hadi udongo wa mwisho. Hakunywa kitu, na siku hiyo hakuna aliyetarajia anywe.

Kwetu matanga yana siku yake ya kuisha, ambapo ndugu wanakutana, wanakunywa pamoja, na baada ya hapo mtu anaruhusiwa kurudi kwenye kazi na kicheko. Wanawake wa kisimani walipika impeke wenyewe, hakuna aliyewaomba. Niliwaona wakipanda na vyungu kichwani. Mmoja alisema kwa mwenzake, "Weka pale kwa mama wa Gitega," na nikajua ni mama yangu wanayemsema, kwamba sasa alikuwa na jina linalotokana na mimi na si na Tanzania. Nilifurahi, na papo hapo nikaumia.

Tuliimimina kwenye pipa langu. Nilifikiria kutumia mtungi, najiuliza hata leo kama ingekuwa bora. Lakini ule mfuniko niliutengeneza kwa ajili ya ua ule, haukuwa na ua mwingine wa kwenda.

Watu walikaa. Baba mkubwa alikaa mbele, koti lile lile, fimbo ile ile. Kigoda cha mama kilikuwa mahali pake kando ya meza, hakuna aliyekikalia. Nilisimama, na safari hii sikueleza chochote. Nilibonyeza kwa kiwiko. Mfuniko ukainuka wote, ukalala nyuma, ukabaki wazi, na pipa halikuyumba. Povu la mtama likaonekana, la rangi ya udongo, likipasuka taratibu. Nikachukua mrija, nikauzamisha, nikavuta. Ilikuwa na uchachu mzuri. Nikameza wakinitazama kooni.

Baba mkubwa akainuka kwa fimbo yake. Alikuja hadi kwenye pipa, akachungulia ndani kwa muda, kama mtu anayetazama kisima. Mtu akampa mrija. Akauweka karibu na wangu, akainama, akanywa, akapumzika, akanywa tena.

"Nzuri," akasema. Akafuta midomo kwa mgongo wa mkono. "Ya mama yako ilikuwa nzuri zaidi?"

"Ilikuwa nzuri zaidi, baba mkubwa."

"Nilisikia harufu yake siku ile." Akakitazama kigoda. "Nilimngoja."

"Naye alikungoja."

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. Nyuma yake wazee walikuwa wameanza kusogea na mirija yao, na nzi wa migombani walikuwa wameshaijua harufu. Mkono wangu ulikuwa unawasha kufunika. Sijawahi kuacha chombo wazi namna ile tangu kambini, lakini nilibana kiwiko ubavuni, nikauacha, mpaka kila mmoja amechungulia, hata watoto.

Baba mkubwa ndiye aliyerudi akanigusa begani.

"Funika sasa, mwanangu," akasema. "Nzi wanaingia. Tumeshaona."

Nikaubonyeza. Ukashuka taratibu, ukakaa mahali pake bila kelele yoyote. Yeye akavuta kiti chake, akakiweka karibu na kigoda cha mama, akakaa hapo hadi pombe ilipoisha.